Picha ya Siku ya Zawadi

Thuwaiba, njoo ukae. Simu iache ichaji.
Sikuiti kukugombeza.
Muhogo umeshaiva, baba yako yuko Mkoani mpaka kesho,
na mimi nina maneno yasiyotaka shahidi.

Juzi umeme ulipokatika Wete nzima
nilikuona chini ya shuka, uso unawaka
samawati, kama mwali wa jiko la gesi.
Nikadhani mitihani.
Mama gani hapendi kudhani mitihani?

Leo alfajiri ukaniuliza, mswaki mdomoni:
"Mtu akijua mpaka jina la babu,
lazima awe jamaa?"
Nikauacha unga ndani ya bakuli, mikono imenata.

Tukasoma pamoja, wewe ukiteremsha, mimi nikitafuta miwani.
Anajiita Kaka Faraji. Pahala pa uso kaweka waridi.
Ana miaka kumi na saba, anasema, anasoma Unguja;
lakini kijana wa kumi na saba hasemi "nakuusia",
wala hafungi kila sentensi kwa nukta
kama karani wa mahakama.
Kwanza alikusifu akili.
Kisha akakurushia kifurushi cha wiki.
Kisha akauliza kama bado unapita nyuma ya posta.
Kisha picha. Moja tu. Bila ya ushungi.
Na usimwambie mtu.

Hapo nilitaka kuivunja simu kwa mchi.
Haki ya Mungu, niliutazama mchi.

Nikakuuliza kwa sauti ambayo si yangu:
nani kamwambia habari za posta?
Ulinyamaza. Ukachukua simu, siyo yako, yangu,
ukanionesha.

Siku ya zawadi. Wewe na cheti, umekishika kama sinia.
Jina lako, la baba, la babu, yote yanasomeka,
na nembo ya skuli kifuani.
Chini yake nimeandika kwa kidole changu mwenyewe:
"Mwanangu wa pili darasa zima! Kila siku saa kumi na mbili na nusu
yuko njiani peke yake nyuma ya posta, muombeeni dua."
Nikaipeleka kwenye kundi la harusi ya Zeyana,
watu mia mbili na kumi na wawili,
nusu yao siwajui hata kwa kikohozi.

Karafuu tunazianika kando ya barabara,
kila mpita njia anaziona,
lakini daima tunamweka mtu:
wa mbuzi, wa mvua, wa mikono.
Wewe nilikuanika nikaenda zangu kulala.

Basi sikiliza. Zangu nimezifuta.
Nyengine zimeshatembea, hizo siwezi kuzirudisha,
nisamehe.
Maneno yake wewe usiyafute. Kila neno na saa yake
tutampelekea Salhiya wa dawati la jinsia
kesho kabla ya skuli, na tutakwenda kwa njia kubwa.
Hukumpa picha. Na ungelimpa
ningelikaa hapa hapa, na muhogo huu huu.
Hilo tu ndilo ninalotaka ulishike.
Mengine utanifundisha wewe, maana mimi
hata hicho kialama cha kufuli nilidhani ni mkoba.

Simu yako sitaichukua.
Usiku italala jikoni juu ya pipa la unga,
na yangu ubavuni pake, zisengenyane zenyewe.

Haya, nioneshe wapi pa kufunga.
Polepole, kidole changu kina tui.
Sasa inauliza neno la siri.
Mbona unacheka?

"Mama. Lisiwe tena jina langu."