Kiti cha Chumba cha Mizani

Barua yake ipo kwenye karatasi ya mistari,
imechanwa daftarini kwa rula, si kwa pupa.
"Naomba kuacha kazi ifikapo tarehe thelathini.
Nashukuru kwa yote. K. Mihayo."
Kwa yote.
Maneno hayo nayatafuna tangu asubuhi
kama kipande cha nta kisichokwisha.

Miaka tisa Kalunde amesimama mbele ya pipa.
Kipimo cha unyevu kilikufa mwaka wa tatu;
yeye huchovya kijiti, hukiinua kwenye mwanga,
huutazama uzi wa asali unavyokatika, husema,
"Hii ya Inyonga bado. Iacheni wiki."
Na maabara, ikijibu baada ya mwezi,
hujibu alivyosema yeye.

Nilidhani ni mshahara. Nikashika kikokotoo,
nikaongeza elfu hamsini, nikafuta, nikaweka themanini,
nikamwita.
"Si hela, bosi. Ya Kahama na ya kwako
zinapishana kidogo tu."
Kisha akanyamaza,
na treni ya Mpanda ikapiga honi kule stesheni,
ikatupa sote wawili kisingizio cha kutazama dirishani.

Nikabaki na hesabu nyingine.

Wageni walipokuja na kamera zao kutoka Dar,
wakauliza nani aligundua kupasha pipa
kwa maji ya vuguvugu, badala ya moto.
Nikasema: tuligundua.
Yeye alikuwa nyuma yangu na trei ya vikombe.
Silabi moja ile, *tu*,
nilibana ndani yake usiku kumi na minne wa Kalunde,
kipimajoto mkononi, matobolwa mfukoni,
mimi nikiwa nyumbani Cheyo, nimelala.

Mwanawe alipolazwa Kitete, nilimtumia ujumbe:
"Funguo za stoo unazo wewe?"

Kila asubuhi, "Mwangaluka, bosi."
Nami, macho kwenye simu, "Poa."

Na kiti. Aliomba kiti mwezi Machi.
Si Machi hii.

Mcheza kwao hutuzwa, wanasema.
Huyu kanichezea miaka tisa,
nami nimekaa barazani nikihesabu watazamaji.

Kinachoniuma zaidi ni Ipole.
Huko nawafundisha wafugaji, kwa projekta, kwa posho:
msivune hadi sega la wana,
acheni akiba;
nyuki hawaji kuwagombeza,
wanahama tu, na mzinga mnaukuta mtupu.
Slaidi ya kumi na moja.
Kalunde ndiye aliyekuwa akinibonyezea kitufe.

Sikumbembeleza.
Kumbembeleza leo ingekuwa kumpa kazi nyingine,
ya kunifariji.
Niliketi nikamwandikia barua ya sifa, kwa mkono,
na nilipofika kwenye habari ya pipa na maji ya vuguvugu
niliandika: aligundua.
Nikaitazama *a* ile, ilivyo ndogo,
na jinsi ambavyo ingetosha siku ile.

Saa kumi nikashuka chumba cha mizani.
Shija Ng'wandu, kijana wa mwaka jana, alikuwa akibandika lebo,
amekaa upande mmoja kama abiria wa baiskeli.
Mguu wa kiti umefungwa kwa mpira wa tairi.
"Hiki kilivunjika lini?"
Akasimama haraka, akidhani amekosa.
"Nilikikuta hivi, bosi.
Dada Kalunde ndiye hukikaza kila Jumatatu."

Jumatatu ijayo ni tarehe moja.

Nikapanda ngazi, nikakikokota changu,
kile cha ngozi, chenye magurudumu.
Kikagoma mlangoni. Nikakisukuma, nikakivuta,
jasho likanitoka mbele ya vijana wote wa zamu.
"Kilaze ubavu, bosi," akasema Shija.

Nikakilaza.