Tatu na Nusu

Injini inasema: tatu na nusu, nyeupe mbele.
Imesema hivyo tangu saa nne usiku.
Sasa ni saa saba, theluji imeziba dirisha la jikoni,
na ngome yake inakwenda kona,
inazunguka, inarudi kwa njia nyingine,
kama mlinzi wa benki asiyeambiwa kwamba benki ilifungwa.

Ng'ambo ya meza baba anakata jibini.
Ana shaha, askofu mmoja, na vitunda vitano
vilivyoumana kama meno ya zipu.
Hana pa kwenda. Hataki kwenda.
"Bado inafikiri?"
Bado, baba. Nafasi milioni sitini kwa sekunde.
"Maskini," anasema, na kunipa kipande.

Niliiandika mimi, miaka kumi na mmoja,
baada ya kazi, baada ya vyombo,
kompyuta ikinipasha magoti, Gyumri nzima barafu.
Naijua. Humla farasi wa bingwa kabla bingwa hajakohoa.
Zikibaki kete saba hutembea kwa ghibu,
kama mtoto aendaye chooni gizani.
Lakini ipe ukuta.
Ipe ukuta usio na mlango, itauhesabu matofali,
hatua arobaini mbele, moja moja,
na katika arobaini hizo hamna hata moja
inayosema: huu ni ukuta.

Boma hili baba alilijenga ndani ya kontena.
Ulikuwa mwaka baada ya tetemeko; nyumba yetu ya mawe
ilikuwa rundo lenye namba ya chokaa.
Alicheza kwa kadi za posta na mtu wa Riga,
Visvaldis, hatua moja kwa wiki tatu.
Mafuta ya taa yaliisha, kadi zilichelewa,
na Visvaldis, mwenye ngome dhidi ya askofu,
alishambulia miezi kumi na minne
kisha akaandika, bila salamu:
Sare. Unaishije humo ndani?

Oktoba nilishona kiraka. Mistari mia mbili na kumi:
ikiona vitunda vimeumana na shaha hana pa kupenya,
ishushe hesabu, iwe na shaka.
Siku nne mchana na usiku niliichezesha na nafsi yake,
michezo elfu arobaini.
Ikajifunza shaka, kweli. Ikapitiliza.
Iliona maboma kila mahali,
ikanyoosha mkono wa sare katika michezo
ambayo Gevorik wa ghorofa ya chini,
miaka tisa na kamasi, angeshinda huku akitafuna.
Nikakifuta. Kiraka cha jicho bovu
kilikuwa kimefunika lile zima.

Itakuja siku, sijidanganyi.
Msichana fulani wa Daegu ataipata hiyo mistari,
au mashine itajipatia yenyewe
usiku ambao hakuna aliyekesha nayo.
Itavitazama vitunda hivi vitano mara moja,
itasema sifuri,
itaomba mchezo mwingine.
Nitafurahi. Ndiyo kazi yangu, kufurahi.
Ila lile jambo lingine italijuaje:
kwamba anayecheza nayo amesahau jina la mkewe tangu Juni,
amesahau kama amekula,
na mkono wake, ukimgusa yule askofu, hausahau?
Huo nao ni udhaifu? Wa nani?
Sijui niuandike kwenye faili gani.

Saa nane kasorobo. Askofu hatua moja, askofu nyuma.
Kanuni ya hatua hamsini inakaribia,
nahesabu kwa njiti za kiberiti:
arobaini na tatu, arobaini na nne.
"Huyu ninayecheza naye ni nani?"
Ni mimi, baba. Kwa namna fulani.
Anautazama ubao. Ananitazama.
"Basi kubali sare, nikalale. Miguu imepoa."

Nakubali kwa niaba yake.
Natafuta soksi za sufi, napata moja.
Skrini nyuma yangu: tatu na nusu.