Shingo Arobaini

Cha kwanza kililetwa na wahisani,
cheupe, kina jicho jekundu,
wakakikongomea ukutani pale zahanati, Mabawa,
nasi tukapiga makofi.
Kikala mfuko wake wa kwanza wa sabuni,
kikala wa pili.
Wa tatu ukatafutwa Tanga nzima.
Kikabaki kimeachama,
na chini yake, juu ya kiti cha plastiki,
nesi Afua Shekue akaweka chupa ya maji
iliyotobolewa kizibo kwa msumari.
"Fundi Mhando," akaniambia,
"hiki kidude hakitaki kula na watu."

Mimi fundi bati, Barabara ya Tisa, Ngamiani.
Nakunja makarai, majiko, masanduku ya shule.
Sabuni sikuwahi kuulizwa.
Nikaifinyangia chupa ile kikombe cha bati,
ikakaa kama pete na kidole.
Nikapokea elfu nane yangu, nikalala.

Ijumaa nesi huyo, kikombe mkononi.
Mama Sechonge wa Duga, anayetupikia sabuni,
hana kiwanda cha chupa, ana wajukuu waokotaji.
Juma hili dumu la mafuta ya kula,
juma lijalo chupa ya juisi ya harusini,
kisha ya siki, kisha ya dawa ya kikohozi.
"Umetandika kitanda kwa kipimo cha mgeni mmoja," akasema,
"na sisi wageni wetu hawatoi taarifa."

Nikazunguka nyuma ya kumbi za harusi,
Chumbageni hadi Raskazone, gunia begani.
Nikapima shingo kwa uzi wa katani,
kila shingo fundo lake.
Mke wangu akauliza nahesabu madeni ya nani.

Mafundo arobaini.
Shingo hazikupatana.
Mabega hayakupatana.
Matako, naam, matako ya chupa, hayakupatana.
Nilitengeneza pete ya kukaza na kulegeza,
ikauma nyembamba, ikatema nene.
Nilitengeneza koleo lenye springi. Tusilizungumze.

Jibu lilikuwa uani, nilikuwa nalimwagia maji
kila asubuhi kabla ya chai:
chombo cha vifaranga.
Chupa kichwa chini, mdomo ndani ya kisahani,
maji yakipungua inashusha, yakijaa inanyamaza.
Kisahani hakiulizi shingo.
Kinachotakiwa ni chupa iweze kutapika,
na hiyo hata dumu inaweza.

Basi: bakuli la bati, kina cha vidole vitatu,
mkanda wa tyubu ya baiskeli kuikumbatia chupa tumboni,
nene au nyembamba, mpira hauchagui,
mrija chini ya bakuli, umebanwa na kipande cha chuma,
na wenzo wa kusukuma kwa kiwiko,
maana mama mwenye mtoto hana mkono wa ziada.

Siku ya kufunga, nesi alikuja na galoni la lita tano
makusudi, kunijaribu.
Bakuli likastahimili. Mkanda ukastahimili.
Ukuta ndio ulioanguka,
chokaa, misumari, galoni na heshima yangu,
sabuni hadi mlangoni, wagonjwa wanateleza wakicheka.
Nikarudi na ubao na skrubu ndefu,
na sheria moja: mwisho lita mbili.

Sasa ni mwezi wa nne.
Juzi ilikuwepo chupa ya juisi ya embe,
na juu yake plasta nyeupe, mwandiko wa nesi:
SABUNI. USINYWE. HATA WEWE ATHUMANI.
Athumani ni mlinzi.

Kile cheupe bado kipo pembeni.
Wahisani waliondoka na ufunguo wake.
Nilipochungulia, jicho lilikuwa limezimika,
na kinywani, pale pa mfuko,
mjusi amehamia na mayai yake mawili.
Nikapima kwa macho, mazoea ya kazi:
wamemtosha barabara.