Toa Kibonyeo

Kwanza niliuliza: kopo lipi?
Bi Kazija akacheka, simu ikakwaruza kama sufuria.
"Mwanangu, kopo ni kopo."

Winnipeg, mwezi wa kwanza, digrii thelathini chini ya sifuri.
Chumba changu kimezama nusu ardhini, Mtaa wa Sargent,
dirisha linaona viatu tu, na theluji.
Mezani mizani ya betri, nyembamba kama juzuu,
zawadi ya Halyna, mwenye tanuri ninakofanya kazi,
mwanamke asiyeamini kikombe.

"Chota unga," aliniambia siku ya kwanza.
Nikachota, nikapangusa kwa kisu: gramu mia moja na hamsini.
"Sasa uchekeche, uutie kijiko kijiko, kikombe hichohicho."
Mia moja na kumi na tano.
Kikombe hakikuongopa.
Kiliulizwa kama kimejaa, hakikuulizwa kimebeba nini.
Asali, kikombe ni mia tatu na arobaini;
sukari mia mbili, shayiri ya kupondwa tisini:
wote hulala kitanda kimoja
na kila mmoja hukididimiza kivyake.

Mimi nimetoka kwenye vibaba na pishi.
Kwetu Wete mizani ilikuwa ya karafuu;
chakula kilipimwa kwa jicho, kwa kopo, kwa "mpaka itoshe".
Shairi lina mizani.
Mkate wa kumimina wa Bi Kazija hauna.

Makopo mawili mchele, roweka, saga.
Kopo moja sukari, kasoro kidogo.
Tui la nazi mbili. Za ukubwa gani? Za kawaida.
Hamira, vidole vitatu.

Nikapata kopo la maziwa la namna ileile
duka la Msomali, Mtaa wa Ellice,
nikalijaza, nikapima, nikaandika tarakimu kwa wino.
Jumapili tatu mkate ukatoka mzito,
umekaa chini kama mfiwa.

Basi nikamwomba:
nunua kwa Faki chupa ya maji ya nusu lita, ambayo haijafunguliwa.
Mimina kwenye kopo lako mpaka ukingoni.
Yatakayobaki chupani yapime kwa kifuniko cha dawa ya kikohozi,
kile chenye mstari wa kumi.
Maana maji ndiyo mkalimani pekee asiyetaka cha juu:
mililita moja, gramu moja,
Wete sawa na hapa.

Nikamsikia akihesabu polepole, kama anayelipa deni.
Vifuniko tisa.
"Na mengine yamenimwagikia kangani, tone mbili tatu,
hayo usiyahesabu."
Mia nne na kumi, basi.
Kopo langu lilichukua mia nne na thelathini.

Ishirini zimekwenda wapi?

"Kwenye kibonyeo," akasema. "Umesahau?
Si wewe uliyeligonga kwenye jiwe la kisima,
una miaka saba, ukaanza kulia kabla sijakugusa?"

Nazi hazipimwi kwa kopo; nazi hazikujua.
Miaka yote hiyo yeye alipikia upungufu wangu
na mkate ukaumuka.

Nikaandika daftarini, chini ya mchele: toa kibonyeo.
Halyna akaona, akauliza hicho ni kipimo cha wapi.
Nikamweleza. Akatazama kopo langu jipya, zima, linang'aa,
akaniachia tanuri saa kumi jioni
na asinikate mshahara.

Ikabaki hamira.
Vidole vitatu vya nani, shangazi?
"Vyangu. Kwani vya nani?"

Nikabana kwa vyangu, vinene, ncha zimeungua,
nikadondosha juu ya mizani.
Sifuri.
Nikabana tena.
Sifuri.
Nikatia mibano yote miwili.