Saa Kumi na Mbili

Februari, Brandon, Manitoba. Mlango wa gereji
umegandia chini kwa barafu. Tumeingilia jikoni,
mimi na Siwatu na ndoo ya boliti.
Hita ya kuazima kwa Lorne inanguruma pembeni,
inapasha joto goti moja tu, la kushoto.

Pikapu imefunuliwa uso.
Rejeta iko nje kwenye theluji,
feni iko juu ya friji ya nyama,
na cheni za zamani zimelala kwenye beseni la kufulia,
ndefu kuliko zilivyozaliwa.
Miezi miwili zilichakacha kila asubuhi
kama mtu anayetafuta funguo kwenye kopo la misumari,
nami nikaongeza sauti ya redio.

"Soma," namwambia. Mikono yangu oili tupu.
Yeye ndiye mwenye kitabu, na lugha ya kitabu,
miaka kumi na mitatu, tochi kwapani.
Anasoma kimoyomoyo, kisha ananitafsiria
polepole, kama anayevusha mayai:
"Gia mbili za juu, nukta kwenye mishale.
Gia ya chini, nukta iwe saa kumi na mbili."

Saa kumi na mbili. Naijua hiyo.
Ndiyo saa ya kufunga duka, Muheza,
mshale mfupi ukining'inia chini kabisa
kama ndoo kisimani.
Nikaipeleka nukta chini.
Nikavisha cheni, pingili ya shaba juu ya nukta,
pingili ya shaba juu ya nukta,
nikachomoa pini za tenshena,
tak, tak,
nikajisifu.

Kisha spana, na bomba refu la kuiongezea mkono.
Zungusha mwenyewe kwanza, alinihusia Lorne,
stata haina huruma.
Robo ya mzunguko. Kidogo tena.
Halafu kitu ndani kikagota.
Hakikupiga kishindo. Kilibisha tu,
kama kidole mlangoni.
Chuma kimekuta chuma
mahali palipotakiwa kuwa wazi.

Nikaachia. Hita ikaendelea na goti lake.
"Umesema saa ngapi?"
"Kumi na mbili."
"Ya nani?"
Akanimulika usoni, kahasirika kidogo,
kisha akainua mkono wenye glavu, akaelekeza paani.
Juu, Baba. Mchana. Saa ya kula.
Hiyo ni saa sita, mwanangu.
Hiyo ni kumi na mbili, Baba.

Tulicheka baadaye. Wakati ule
nilikuwa nahesabu valvu, na bei zake.

Nikarudisha nyuma taratibu,
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Nukta ikapanda juu. Pingili za shaba
akaziweka yeye, ulimi nje ya meno.
Mizunguko miwili kamili kwa mkono:
kimya, laini, hakuna aliyebisha.
Nukta zote zimerudi zilipokuwa.

"Baba! Za shaba zimehama!"
Kweli. Moja iko kiunoni mwa cheni,
nyingine siioni kabisa.
Moyo ukaanza kunipanda tena,
lakini yeye tayari kainama kitabuni,
kidole chini ya mstari mdogo mno.
"Inasema ni kawaida. Zinakutana siku ya kufunga,
basi. Baada ya hapo zinakwenda zake."

Zamu yangu inaanza saa tano usiku.
Niamshe saa nne, nikamwambia.
Akachukua chaki, akaandika ukutani kando ya swichi: nne.
Akaitazama.
Chini yake, kwa herufi ndogo: kumi.