Mchanga Ndani ya Boriti

Novemba, Gaspé. Theluji haijashuka ila inanukia.
Nimelala chali juu ya kadibodi ya friji,
kati ya pua yangu na tumbo la Lada
pamebaki shubiri moja.
Baba hawezi tena kuingia huku chini, nyonga imekataa.
Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa;
naona buti zake tu, na mkia wa mbwa.
Kazi anaifanya kwa masikio.

"Gonga."
Nagonga. Ngi!
"Hicho chuma. Sogea."
Ngi. Ngi.
Kisha, mbele ya gurudumu la nyuma, kushoto:
pu.
Kama mtu anayekujibu mkate ukiwa mdomoni.
"Rudia," anasema baba, taratibu.
Pu.

Kutu haigombani na chuma.
Hukiita pembeni, hukinong'oneza,
hukikumbusha kwamba kilikuwa udongo
na kwamba udongoni hakuna kazi.

"Chumvi ya halmashauri hiyo!"
Neno lake la kila mwaka, miaka thelathini:
malori ya usiku yakiikoleza barabara ya pwani
kama mpishi aliyepoteza ulimi.
Amewaandikia barua. Moja walijibu.

Naishika patasi.
Hapa pana lami aliyoipaka mwenyewe
mwaka niliomaliza shule, nene, nyeusi,
gari likatoka linang'aa kama bwana harusi.
Sasa inabanduka kipande kizima, gamba la kidonda,
na chini yake unyevu wa siku ile ungalipo,
umejifunika blanketi, unakula kwa nafasi.
Baba, kuipaka kutu lami ni kuishonea nguo.
Simwambii. Buti zimekwisha kusikia.

Brashi ya waya kwanza, mpaka chuma kione haya.
Miwani, maana vumbi jekundu linapenda jicho.
Bisibisi kwenye matundu ya kutolea maji
yaliyozibwa na tope la misimu;
la kwanza likatema maji meusi,
la pili halikutema kitu,
la tatu nikalichokoa kwa waya wa henga
na boriti ikaanza kunimwagikia shingoni,
kavu, baridi, laini,
haikomi.

Mchanga.
Si kokoto za barabara. Mchanga wa ufukweni,
mweupe, na ndani yake kigamba cha kombe
kidogo kuliko ukucha wa mtoto.

Nikautoa mkono nje, kombe kwenye kiganja.
Buti hazikusogea. Mbwa akanusa.
"Baba. Nani aliingiza gari baharini?"

Upepo ukapita na majani yake.
"Juni," akasema Ghislain, baba yangu,
mwandika barua kwa halmashauri.
"Wale samaki wadogo wa fedha
wanaojitupa ufukweni kutaga.
Huguette alitaka kuwaona kwa taa za gari.
Nikamwambia maji yatafika magurudumuni tu."
"Yalifika wapi?"
"Milangoni." Kimya. "Alicheka mpaka akapaliwa.
Nawe ulikuwa tumboni, miezi saba,
kwa hiyo usinitazame hivyo."

Sikuwa namtazama. Nilikuwa natazama
tundu la ukubwa wa sarafu, na kupitia kwake
sakafu ya upande wa abiria,
alipokuwa akiweka miguu mama.

Ufa hatukuuziba; haya, ukuta:
bati la milimita mbili, Jumamosi,
Rosaire akileta mashine ya kuchomelea.
Baadaye praima, rangi, na mwisho oili,
ndani ya boriti, bawaba, kingo za milango,
kwa kipulizio chenye shingo ndefu,
mpaka gari zima lidondoke kama paa baada ya mvua.
Nyasi zitakufa pale litakaposimama.
Na mwakani tena. Haiponi, hucheleweshwa.

Natambaa kutoka, uso mwekundu wa vumbi.
Mchanga nimeuzoa kwa kopo la kahawa
niende kuumwaga.
Baba kalikalia kopo mapajani, mfuniko kaubana.
"Bado una chumvi," anasema.
"Usiuweke karibu na gari."