Shuka la Kitanda cha Pili

Kwa miaka kumi na tisa nimefua shuka safi.

Kila Julai Wilmar hufika Salto kwa basi la usiku
pamoja na Heber, "mwenzake wa kazi"
(kazi gani? Mmoja hutengeneza meno ya bandia,
mwingine huendesha kreni bandarini Montevideo).
Natandika vitanda viwili chumba cha nyuma,
kimoja dirishani, kimoja kando ya kabati.
Napiga pasi foronya. Nafunga mlango.

Asubuhi kitanda cha kabati hakina hata kunjo,
mto umetuna vilevile nilivyouacha.
Nami navua shuka lile, nalipeleka karoni,
nalisugua kwa sabuni ya mche,
nalianika uani, barafu bado nyeupe kwenye nyasi,
ili Elida wa ng'ambo ya ukuta ahesabu:
moja, mbili.

Hatukugombana. Nataka hilo lijulikane.
Marehemu mume wangu alijua bei ya kila sanduku la machungwa
toka hapa hadi upande wa pili wa mto,
na hakuuliza swali hata moja.
Kwetu mambo ya chumbani ni kama kisu cha mchinjaji:
kila mtu ajua kipo, kila mtu ala nyama.
Jioni tulipitishiana ile chai chungu ya majani,
kibuyu kimoja, mrija mmoja, midomo minne.
Tulichanganya mate.
Maneno hatukuchanganya.

Mficha uchi hazai, ndivyo wasemavyo.
Mimi nilizaa kwanza,
kisha nikauficha uchi wa mwanangu
kwa shuka lililopigwa pasi.

Mwezi wa tatu akapiga simu.
"Mama, jaji ametia saini."
Nikamuuliza, kwani umeshtakiwa?
Akacheka, kicheko kikamgeukia kilio.
"Tumepewa mtoto."
Tumepewa.
Ile *tu* ndogo mwanzoni mwa neno
haikuwahi kupita kati yetu.
Nikakaa na simu mkononi hata baada ya kukatika.

Braian, miaka mitano.
Kichwa kimenyolewa kwa ajili ya chawa,
begi la magurudumu lenye gurudumu moja.
Amepita nyumba tatu na kituo kimoja,
kwa hiyo kila nyumba huikagua kama mpangaji.
"Bibi, hiki kitanda cha nani?"
Cha baba Heber.
"Na kile?"
Cha baba Wilmar.
Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Hapana. Wao hulala pamoja.
Baba Heber hukoroma, baba Wilmar humpiga kiwiko."

Birika likachemka, hakuna aliyelitoa.
Wilmar alitazama sakafu,
mwanamume wa miaka arobaini na minne
akingojea kofi ambalo sikuwahi kumpiga.
Nikatafuta neno. Nilikuwa nalo la padri,
nilikuwa nalo la Elida, la redio ya mchana.
La kwangu sikuwa nalo.
Nikasema: "Basi hiki ni chako."

Alfajiri nilimkuta kando ya jiko,
pajama zimemganda mapajani, meno yakigongana.
"Sikukusudia," akasema. Kisha, kwa sauti ya kazi,
kama anayeuliza saa ya basi:
"Nitarudishwa leo?"

Nikaligusa shuka la kitanda cha pili.
Lilikuwa zito, lenye joto, linanuka.
Miaka kumi na tisa, na sasa ndipo nina cha kufua.

Elida akachomoza kichwa juu ya ukuta.
"Wageni wangapi mwaka huu, Zulma?"
Nilikuwa na vibanio viwili mdomoni. Nikavitema.
"Si wageni. Ni mwanangu, na mumewe,"
neno likanikwaruza koo kama mfupa wa samaki,
"na mtoto wao, aliyekojoa kitandani."

Elida aliingia ndani, akafunga dirisha.
Mpaka leo hunisalimia nusu nusu.

Shuka lilikauka kufikia saa nane.
Doa halikutoka lote.